Kila nikinyanyua kamera, picha naijua kabla sijaipiga

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma, na kazi yangu ni picha. Nina kistudio kidogo Majengo, chumba kimoja chenye pazia jeupe na pazia la bluu, ambapo katikati ya wiki napiga picha za pasipoti na za vitambulisho. Jumamosi ni harusi na sendofu. Jumapili mara nyingine kuna kipaimara au ubatizo. Msimu wa mahafali ukifika napanda Chuo Kikuu cha Dodoma, nashinda kule na watu wa majoho. Silalamiki njaa, namshukuru Mungu, ada za watoto zinatoka humo humo.

Shida yangu ni kwamba nimeishiwa. Bibi harusi anakuja na simu mkononi, ananionyesha picha iliyopigwa Lagos au Johannesburg, ananiambia, "Dada, nataka hii hii." Nampigia hiyo hiyo. Wiki inayofuata anakuja mwingine na hiyo hiyo. Wahitimu wote wanarusha kofia juu. Mabwana harusi wote wanatengeneza saa ya mkononi huku wakitazama pembeni. Siku hizi kabla sijanyanyua kamera picha nimeshaiona kichwani, na ikitoka inakuwa ile ile. Mume wangu juzi kaniambia naibeba kamera kama mtu anayebeba ndoo ya maji, ilimradi ifike. Nilicheka mbele yake, lakini usiku sikulala.

Usiseme sijajaribu. Nimetazama kazi za wenzangu Instagram mpaka macho yanauma, nikaishia ama kuiga ama kujiona si kitu. Nimetoka na kamera Jumapili jioni kwenda upande wa Ntyuka, nikapiga mbuyu na jua linazama nyuma yake. Nikafungua kompyuta nikaona ule mbuyu. Mjomba, kila mpiga picha wa Dodoma anao ule mbuyu.

Na mji wenyewe haunisaidii. Kuanzia Juni mpaka Novemba kila kitu ni kahawia. Saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali, mtu ukimpiga nje anakuwa na mashimo meusi machoni, kwa hiyo nimejizoesha kutopiga nje kabla ya saa kumi na moja jioni. Wenzetu wa Zanzibar wana bahari, wa Arusha wana mlima. Sisi tuna vumbi.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinaweza kunipa milioni nne. Nafikiria kununua bodi mpya ya kamera na lenzi ya milimita 85 yenye uwazi mkubwa, labda mkono utaamka. Rafiki yangu yeye anasema nihamie Zanzibar nikapige watalii. Nimeambatanisha picha zangu chache uone hali ilivyo. Ile ya mwisho nisamehe, ni mama wa bibi harusi, nilikuwa najaribu mwanga nyuma ya ukumbi, imejichanganya na hizo nyingine.

Nifanyeje? Nikope, nihame, au niuze kamera nifungue genge la nyanya?

Mpiga picha wa Majengo, Dodoma

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na hiyo uliyoniomba nikusamehe. Mama kakaa juu ya kreti la soda, kilemba kimelegea, viatu vya kisigino kavivua vimelala ubavu, sahani ya pilau iko mapajani na hajaigusa. Mwanga unamjia kutoka mlango wa jikoni, nusu ya uso tu. Binti yake anaolewa ndani, muziki bila shaka unarindima, na yeye kapata dakika zake mbili. Nimeitazama hiyo kuliko nyingine zote kwa pamoja. Hizo nyingine ni safi, zimenyooka, hakuna mteja atakayedai arudishiwe pesa. Ila ukifuta jina lako, zinaweza kuwa za mpiga picha yeyote kati ya Dodoma na Durban. Hii ya kreti haiwezi.

Kwa hiyo sikubali kwamba umeishiwa. Jicho lako liko macho, sema linafanya kazi katika dakika ambazo wewe mwenyewe unazihesabu kuwa si kazi. Unapiga kitu kizuri, unakiita kujaribu mwanga, halafu unakifuta kwa sababu hakimo kwenye orodha ya kamati. Mtu anayefanya hivyo kila Jumamosi lazima aamini kwamba hana mawazo.

Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Wateja wakishaondoka, kwenye filamu zilikuwa zinabaki fremu chache, na filamu ni pesa. Basi akawa anabaki jioni, anavaa anavyotaka, anajipiga mwenyewe, sehemu ya picha hizo akimtumia bibi yake aliyekuwa Nigeria, aone mjukuu ni mzima. Picha hizo za mabaki ndizo zilizokuja kumweka kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Chumba kilikuwa kile kile cha wateja, taa zile zile.

Wewe huna mabaki kwa sababu kadi yako ya kumbukumbu haiishi. Unapiga mia tisa harusi moja na hakuna hata moja iliyo yako. Basi yatengeneze mabaki kwa makusudi. Kila kazi, ukishawamaliza wazazi wa pande zote mbili, keki, na wale mashangazi wanaodai picha ya kundi mara tatu, jiachie fremu kumi na mbili ambazo hakuna aliyeziagiza. Kumi na mbili tu, ili kila moja ikuume kidogo. Nenda nyuma ya ukumbi, nenda kwenye masufuria, nenda kwa wapambaji waliolala kwenye viti wakisubiri kubomoa mapambo. Usifute kitu ukiwa bado kazini. Nyumbani zihamishie kwenye folda yake, mbali na za mteja, uziache wiki nzima kabla ya kuzifungua.

Sasa hapa kwenye jua ndipo ninapogombana na wewe. Dodoma jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Ukianza saa kumi na moja umejibakizia saa moja na ushee katika mchana wote, halafu unashangaa picha zinafanana. Zitaachaje kufanana? Umezipiga zote kwenye mwanga mmoja, wa rangi moja, unaotoka upande mmoja.

Mwanga mkali wa mji wako una faida ambazo wapiga picha wa kwenye mawingu wanazinunua kwa taa za bei mbaya. Chukua mlango wowote wa nyumba ya Majengo au Chang'ombe saa sita mchana. Msimamishe mtu ndani, hatua moja nyuma ya kizingiti, jua lisimguse. Uwanja wa nje umepigwa na jua, ardhi yake ni ya rangi ya kutu iliyopauka, na hiyo ardhi inaurudisha mwanga juu, laini, unajaza hata yale mashimo ya macho unayoyaogopa. Nyuma yake chumba ni giza. Umepata picha ya studio bila taa hata moja. Jihadhari na kitu kimoja: mwanga huo unakuja na wekundu wa udongo, kwa hiyo usiiachie kamera ichague rangi, panga mizania ya weupe (white balance) kwa mkono. Au uache wekundu ubaki, ngozi nyeusi inaupokea vizuri sana.

Jingine linalohusu ngozi, kwa kuwa nimeliona kwenye picha zako za harusi. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na bibi harusi anatoka na uso wa kijivu ambao baadaye unauhangaikia kwenye kompyuta mpaka anakuwa mtu mwingine. Pima mwanga usoni. Gauni likipoteza nyuzi mbili tatu za mshono hakuna atakayelia.

Halafu miavuli. Pita barabarani saa saba utazame mawakala wa pesa za simu waliokaa chini ya miavuli ya kampuni. Jua likipita kwenye mwavuli mwekundu, wakala mwenyewe anakuwa mwekundu, meza yake nyekundu, noti nyekundu. Hatua mbili pembeni, chini ya mwavuli wa rangi nyingine, mwenzake ana rangi nyingine kabisa. Kitu hicho hakipo saa kumi na moja jioni. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba ndipo jua linakupitia utosini kabisa, nguzo zinakosa kivuli, na kila aliye hai mjini anatafuta pa kujibanza. Tazama watu wanavyogawana kivuli kimoja cha mwarobaini, nani anampisha nani, nani anabaki nusu juani. Ningekuwa na miguu yako ningeshinda huko.

Na huo ukahawia unaoulalamikia, uangalie tena Agosti, mibuyu ikiwa haina jani. Kanga moja ya njano ikikatiza uwanjani, jicho linakwenda moja kwa moja bila kuuliza njia. Nimeishi sehemu za kijani. Kule nusu ya kazi ni kuyahamisha majani yasimfunike mtu.

Kuhusu kwenda kutafuta mawazo Jumapili jioni, nadhani ndiyo sababu ya ule mbuyu. Ukitoka na kamera huku huna unachokifuata, mkono unakwenda kwenye kile ulichokwisha kukiona kimepigwa na wengine. Mpiga picha anahitaji jambo la kulirudia. Najua Jumamosi ni siku yako ya mkate, kwa hiyo mnada wa Msalato usahau kwa sasa, ingawa vumbi la ng'ombe pale lingekufaa. Zabibu unaweza kuzimudu. Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na vijiji kama Hombolo na Mpunguzi viko ndani ya jiji lako hilo hilo. Ngoma ya muheme nayo ipo, akina mama wa Kigogo wanaipiga wenyewe, na Chamwino si mbali.

Lakini ningekuwa mimi nisingekwenda popote. Ningebaki na pazia la bluu.

Fikiria ni nani anayekaa kwenye kile kiti chako. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watu ambao hawakuzaliwa hapo: karani kutoka Mtwara, mlinzi kutoka Tarime, mwanafunzi wa kutoka Pemba, fundi wa majengo ya Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Na wenyeji wapo, mzee wa Kigogo aliyekuja kutoka Bahi kufuatilia kitambulisho. Wote wanapita kwako kwa dakika tano, unawaambia kidevu juu, usitabasamu, unawapa picha nne, wanaondoka. Hakuna mpiga picha wa gazeti anayeletewa Dodoma nzima mlangoni namna hiyo, na yeye angelipia.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako aliyefungua studio mwaka 1948, alitundika shuka la kitandani kwake liwe pazia la nyuma. Lilipochoka akatundika kitambaa kingine, na miaka mingi baadaye akawa anautambua mwaka wa picha kwa kuangalia kitambaa kilichopo nyuma. Alizoea kumpiga mteja mara moja tu, kwa sababu ya gharama. Mara nyingi alifanya kazi uani, kwa mwanga wa jua. Leo ukitaka kujua watu wa Bamako walivyokuwa wakivaa na kujiona miaka ile ya kuelekea uhuru, unakwenda kwenye picha zake.

Basi nunua kitambaa kimoja. Kimoja, usianze kukusanya. Kitundike ukutani nje ya studio, upande wenye kivuli. Mtu akishamaliza picha ya pasipoti mwombe dakika moja ya ziada, bure, asimame au akae anavyotaka yeye, na kama ana kitu mkononi akishike, iwe bahasha ya vyeti au kuku. Mwandike jina na alikotoka kwenye daftari. Fanya hivyo mwaka mzima bila kubadili kitambaa wala lenzi. Mwezi wa kwanza utachoka. Vumilia, kwa sababu ukishaacha kuhangaikia pazia ndipo utaanza kuona mikono ya watu.

Omba ruhusa, na uieleze. Mwambie mtu kabisa kwamba picha hii si ya kitambulisho, ni yako, na huenda ukaionyesha hadharani. Akikataa mshukuru. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la adabu peke yake, ingawa adabu ingetosha. Na yule mama wa kreti, kabla hujaiweka mahali popote, mpelekee nakala. Inawezekana akacheka, inawezekana akasema hataki watu waone miguu yake. Neno lake ndilo.

Mwendo wa mwaka wako nao unakupa nafasi ambayo sijui kama umeiona. Kwaresma harusi za makanisani zinasimama, na Ramadhani upande wa pili vile vile. Wapiga picha wengi wanaichukia miezi hiyo. Kwako Kwaresma inakutana na mvua, Dodoma inakuwa kijani kwa muda ule mfupi, na zabibu za mavuno ya kwanza zinakaribia. Weka akiba Desemba, ili ukifika wakati huo usiwe unabembeleza kazi za nusu bei. Usipopiga chochote wiki mbili za kwanza, ukalala tu, ni sawa. Nimesoma ratiba yako na sehemu ya hicho unachokiita kuishiwa ni uchovu wa kawaida.

Katika mapumziko hayo panda basi la Babati, upite Kondoa mjini, ushuke Kolo. Sikutumi ukapige picha. Nataka ukaone michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale ofisini utapewa mtu wa kukuongoza, maana njia ni ya mawe na kupanda. Utaona twiga wa rangi nyekundu, watu warefu wenye vichwa vya ajabu, na juu yao michoro myeupe ya baadaye, mmoja umeupanda mwingine mpaka huelewi mguu huu ni wa nani. Miamba mitupu imejaa eneo lile. Waliochora walirudi kwenye ile ile, kizazi baada ya kizazi, na Mongomi, mmoja wa miamba hiyo, watu wa huko wanaendelea kwenda kwa matambiko mpaka leo. Kaa mbele ya mwamba mmoja saa nzima, halafu uniandikie kama bado unahitaji bahari.

Wateja wenye simu wasikusumbue sana. Wape walichokuja nacho, wapige hicho kwanza, roho zao zitulie. Kisha waambie, "Sasa tupige moja ya kwangu." Wengi watakubali kwa kuwa hawana cha kupoteza, na wachache ndiyo hiyo watakayoitundika sebuleni. Hizo za sebuleni ndizo zitakazokuletea mteja anayekuja kwa ajili yako, na huyo hachukuliwi na bei ya chini ya kijana mwenye simu.

Instagram usiifunge, ndiko kazi zinakotoka. Ila kutazama wapinzani wako saa sita usiku ni kujitafutia presha. Badala yake safisha picha zako. Kila mwezi peleka kumi labu, saizi ya kawaida tu, uzitandaze kwenye mkeka, umwite mtu asiyejua lolote kuhusu kamera. Mama mkwe anafaa sana. Usimweleze kitu. Angalia ni ipi anaiokota, na ipi anaipita.

Mkopo usichukue. Lenzi ya milimita 85 ni lenzi nzuri, na kazi yake kubwa itakuwa kuufifisha, nyuma ya mtu, mji ambao ndiyo kwanza nakuomba uutazame. Ukiihitaji kwa harusi moja, azima au kodi kwa mwenzako. Zanzibar nenda ukatembee, ule urojo, urudi; kule nako wapiga picha wamechoka na milango yao na majahazi yao kama wewe ulivyochoka na mbuyu. Na genge la nyanya lina mambo yake, muulize anayeamka saa tisa usiku kuzifuata.

Pesa kidogo lakini utatumia. Karibu picha zako zote za nje zina kidoa cheusi juu kulia, kwenye anga, mahali pale pale. Nilidhani ni ndege mpaka nikamwona tena juu ya keki. Hilo ni vumbi kwenye sensa ya kamera, kile kibapa cha ndani kinachopokea picha. Usilipulizie kwa mdomo, mate yataganda humo, wala usiguse kwa pamba. Tafuta fundi wa kamera mwenye vifaa vya kusafishia sensa, hata kama itabidi umtumie kwa basi. Na kuanzia leo ukibadilisha lenzi nje, upe upepo mgongo na uinamishe kamera mdomo chini.

Mjomba